Kigae cha Makaa

Newtown, Birmingham
Jumapili, 9 Machi 1975

Kwako ndugu yangu Alfayo, Butere,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, kama mtu wa miaka hamsini na nane anavyoweza kuwa mzima baada ya kula vumbi la chuma miaka sita. Mgongo unauma asubuhi, jioni unauma zaidi, katikati nasahau kwa sababu ya kazi. Nyinyi je? Mama watoto hajambo? Mvua imeanza? Uliandika kwamba goti la mama yako limevimba. Sasa linakunjika? Mwambie Kalasinga anauliza goti. Mwambie asipake mafuta ya taa, yanachoma ngozi tu.

Barua hii utamsomea yeye pia. Yote. Lakini soma kwanza peke yako mpaka mwisho. Kuna watu Ujerumani wanangoja jibu langu kabla ya Pasaka, na jibu lenyewe haliko kwangu. Liko kwenu.

Nimechelewa kukuandikia. Barua yako ya Novemba iko hapa juu ya redio. Kila Jumapili naitazama, nachukua kalamu, naweka. Si kwamba sina la kusema. Ninalo, ndiyo maana nachelewa.

Habari za hapa si nyingi. Nakaa ghorofa ya tisa, lifti imekufa tangu Krismasi, napanda na sukari yangu mkononi kama mzee anayepanda mlima kutafuta Mungu. Mwanangu Baldev anaendesha basi, anakaa Perry Barr na mke na watoto wawili. Wale wajukuu Kipunjabi wanakisikia lakini jibu ni Kiingereza. Kiswahili hawana hata neno. Baldev mwenyewe Kiswahili chake ni matusi aliyofundishwa na watoto wa landhi, zile nyumba zetu za reli, na bado anayatumia barabarani akiendesha. Abiria wanadhani anaomba Mungu.

Watu hapa wakiniona naandika wanauliza namwandikia nani, na kwa lugha gani. Nikisema Kiswahili wanacheka. Wacheke. Kigurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, niliacha darasa la nne nikamfuata baba relini. Kiingereza changu ni cha shika hapa, vuta pale. Jambo zito naweza kulisema kwa hiki cha landhi tu.

Sasa kuhusu Walter. Nimewahi kukutajia, yule Mjerumani wa kiwandani. Amekufa. Tarehe kumi na nne Januari, mapafu. Tulikuwa watu sita kwenye maziko, pamoja na kasisi na wachimba kaburi wawili. Udongo ulikuwa mgumu kama matofali.

Nilikutana naye mwaka 1969, mwaka wangu wa kwanza pale. Kazi yetu ni kusugua vyuma vikitoka kwenye kalibu, kuondoa mchanga na ncha. Kantini ina meza ya Waingereza, meza ya Wajamaika, meza ya Wapunjabi. Nilikwenda kwa Wapunjabi. Wale wametoka India moja kwa moja. Wakaniita Mwafrika. Walisema naongea Kipunjabi cha zamani, kama cha babu zao, na wakaniuliza kama Butere kuna simba. Nikahama meza. Walter alikuwa peke yake karibu na mlango. Vita vimekwisha zamani, lakini kulikuwa na Mwingereza mmoja kila akipita pale anainua mkono juu kama Wanazi wa Ujerumani, apate kuchekesha wenzake. Walter anaendelea kula.

Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema Pommern. Nikasema sipajui. Akasema hata yeye hapajui tena, kwa sababu sasa ni Poland, na kijiji chake Altmoor kimepewa jina lingine na watu wengine. Akaniuliza mimi. Nikasema India. Akauliza India sehemu gani. Nikasema sijawahi kufika. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Toka hapo tulikula pamoja miaka mitano, yeye mkate na mafuta ya nguruwe, mimi chapati na achari. Achari yangu aliimaliza sana.

Alikuwa na daftari. Akishakula anatoa penseli, anaandika mpaka king'ora kilie. Nilidhani anaandika Kijerumani. Akasema hapana, ni kilugha cha kwao, Mjerumani wa mbali hawezi kukisoma. Mwalimu wao alikuwa anawachapa wakikisema shuleni. Ilitakiwa Kijerumani kikubwa, kile cha taifa. Nikamwambia basi aandike hicho kikubwa asomwe na wengi. Akasema hicho alipewa amri nacho. Simama, vua nguo, beba bunduki, piga. Kwa kilugha cha kwao hajawahi kupewa amri ila na mama yake, na ilikuwa amri ya kukamua ng'ombe. Sikumuuliza tena. Nilikumbuka gengi letu la reli. Bwana mkubwa anatoa amri kwa Kiingereza, akishapita na toroli yake tunamcheka kwa Kiswahili.

Aliandika vitu vidogo. Mama yake alivyokuwa anaita bata. Harusi iliyonyeshewa mpaka bibi harusi akavaa gunia. Mama mmoja wa Kipolandi aliyekuja kila mwaka kuvuna viazi, anapika sabuni pamoja na mama yake Walter, na huyo ndiye aliyemfundisha Walter kupiga mluzi. Mambo ya namna hiyo. Alinisimulia kwa Kiingereza chetu cha kuvunja mawe. Nikawa najua njia za Altmoor kuliko za Birmingham.

Huko Ujerumani kuna chama cha watu waliotoka upande ule. Wana gazeti dogo. Walter alikuwa anawatumia, wanachapisha. Katibu wao ni Bwana Lüdtke. Mwaka 1970 serikali yao ikaweka sahihi na Poland kwamba mpaka ukae pale ulipo. Basi wale watu wakaona wamezikwa. Lüdtke akaandika kwamba sasa kinatakiwa kitabu, haraka. Nchi imekwenda, ibaki kwenye karatasi. Kila kijiji kitoe mwandishi wake, na vijiji vyote pamoja viwe taifa. Ndivyo Walter alivyonifasiria. Akasema Lüdtke huyo hajawahi kukamua hata mbuzi.

Lakini kitabu alikitaka. Hakuwa na mke wala mtoto.

Lüdtke alitaka mambo mawili. Kwanza yule mama wa Kipolandi atolewe. Alisema wasomaji wamenyang'anywa nyumba na Wapolandi, hawatavumilia kumwona Mpolandi anapika sabuni na kucheka. Walter alikasirika wiki nzima, alipiga vile vyuma kama anaua nyoka. Wiki ya pili akakubali. Alikuwa amechoka, Alfayo. Akasema yule mama hatashangaa, alizoea kufukuzwa viazi vikiisha.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Kitabu hakikuwa na mwisho. Lüdtke alitaka siku za mwisho za Altmoor, ile baridi ya 1945, jinsi mama Mjerumani anavyoiacha nyumba yake. Na Walter hakuwepo. Alikamatwa Ufaransa mwaka 1944 akaletwa kambi ya mateka huku. Mama yake alifia njiani wakikimbia. Njia gani, siku gani, nani alimfumba macho, hakuna aliyemwambia. Sasa anaandika nini? Alikaa na ukurasa mweupe kutoka Pasaka mpaka majani yakaanguka. Anachonga penseli tu. Ikabaki kama kidole gumba.

Kitabu kikatoka mwaka 1972. Kidogo, jalada la kijani. Kina mwisho, na mwisho wenyewe ni hivi.

Theluji inaanguka. Mama yake Walter amefiwa na mume. Nyumba haina moto siku mbili, hana nguvu ya kuwasha. Asubuhi jirani anakuja, anaitwa Mama Trude. Anavuka reli na makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, amefunika kwa jani la kabichi yasizimwe na theluji. Hasalimii. Anazoa jivu lote la zamani, anatupa nje. Anawasha kwa makaa yake. Anakaa mpaka maji yachemke. Anasema neno moja tu, kwamba nyumba isiyo na moto ni kichaka. Kisha anachukua kaa moja kutoka kwenye moto ule mpya, anaondoka nalo kwenye kigae kilekile mpaka jikoni kwake. Siku ya pili kijiji kizima kinakimbia, na nyuma yao majiko mawili yanabaki yanawaka moto mmoja.

Nadhani hapo umesimama kusoma. Ngoja, Alfayo. Nakuja.

Sura ile ndiyo iliyokipa kitabu jina, Kigae cha Makaa. Lüdtke aliisoma kwenye mkutano wao, watu mia nne ukumbini, wakalia wanaume kwa wanawake. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu akaandika gazetini kwamba desturi ile ya kurudisha kaa ni ya Wajerumani wa kale kabisa, na jani la kabichi lina maana yake, akaeleza maana. Akasema hakuna anayeweza kubuni kitu kama kile, lazima awe damu ya udongo ule. Bibi mmoja akasimama mkutanoni akasema anamkumbuka Mama Trude vizuri sana. Alikaa karibu na kinu. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto.

Hayo Walter alinisimulia hospitali, ile kubwa ya upande wa Harborne. Mwaka jana nilikuwa nakwenda kila Jumapili, mabasi mawili, na machungwa. Alipofika kwa yule bibi alicheka mpaka nesi akaja kumwekea hewa. Akapumzika. Kisha akaniambia kitu ambacho bado kimenikaa. Alisema hata yeye ameanza kumkumbuka Mama Trude. Anamwona anavuka reli. Na mama yake mwenyewe, wa kweli, kila akimtafuta anamkosa, amesimama nyuma ya yule mwingine.

Sasa nakuja kwenye langu.

Ni mama yako, Alfayo. Umeshajua. Hakuna Trude.

Walter aliniuliza siku moja kantini mke wangu alikufaje. Hajawahi kuniuliza mtu hapa. Nikamwambia. Aprili 1956, homa, siku tatu tu, Baldev ana miaka tisa. Mto umekula tuta la reli upande wa Yala, treni haiji, siwezi kumpeleka Charanjit Kisumu kwa watu wetu. Na kwetu mtu akifa jiko haliwashwi mpaka mwili uchomwe. Nikamwambia jinsi wewe na gengi mlivyobeba mikaratusi ya stesheni, na kuni zilikuwa zimelowa, ukakimbia kwenu ukarudi na samli yote ya mama yako, tukaimimina ndipo zikashika moto. Watu wa Butere hawajawahi kuona mtu anachomwa. Walisimama mbali, lakini walisimama. Hakuna aliyeondoka.

Kesho yake kulikuwa na mvua. Mimi nimekaa. Ruhusa ya kuwasha jiko ninayo na mikono haitaki. Mtoto ana njaa, ananitazama tu. Ndipo mama yako akavuka. Unakumbuka sheria za wakati ule, landhi za Wahindi huku, zenu ng'ambo ya reli, na askari wa stesheni anamuuliza kila mtu anakwenda wapi. Alimpita yule askari kama anapita kisiki. Kigae mkononi, jani la mgomba juu yake, maji yanatiririka. Hakusema pole. Alizoa jivu lote la jiko la Charanjit. Akawasha. Akamchemshia Baldev chai, akaweka maziwa mengi mno. Akasema kwa Kiluhya lile neno, na wewe baadaye ukanifasiria. Kisha kaa moja akalirudisha kwake.

Mimi sijawahi kumshukuru. Miaka kumi na tisa. Nilidhani anajua.

King'ora kikalia, Walter bado amekaa. Kesho yake aliniomba. Aliomba kweli, hakuiba. Alisema yeye hana siku ya mwisho, mimi ninayo, nimpe. Atabadilisha mvua iwe theluji. Jani la mgomba kwao halipo, ataweka kabichi. Nikasema chukua.

Lakini Walter alikuwa mtu safi. Aliuliza huyo mama ni wa nani. Akasema kama yupo hai, au ana watoto, kwanza tuwaandikie tuwaombe.

Nikamwambia amekufa zamani. Nikamwambia hana watu.

Hilo ndilo nililokaa nalo. Mama yako alikuwa hai, na wewe ulikuwa hai, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu pale pale mezani.

Nakueleza ni barua gani. Ile ya 1971. Uliniandikia kwamba sasa wewe ndiye nyapara, mahali pangu, na reli wamekupa nyumba ile niliyokuwa nakaa. Nilifurahi. Kazi nilikufundisha mwenyewe, nani mwingine angeijua? Walipoipeleka kwa mwananchi mwaka 1968 nilikasirika na serikali, na wewe sikukasirika. Ama kidogo tu, ikaisha. Lakini chini kabisa, baada ya habari ya ng'ombe aliyezaa, uliandika kwamba mama watoto amelivunja lile jiko la udongo la jikoni, lilikuwa linachukua nafasi, mmeweka la chuma.

Jiko lile alilijenga Charanjit. Udongo aliukanda kwa miguu na Baldev mgongoni. Kila Jumamosi alilipaka upya kwa mkono, na pembeni palikuwa na vidole vyake vitano alivyobandika siku ya kwanza. Siku tulipofunga mizigo kuja huku niliweka mkono wangu pale. Haukutosha.

Wewe hukujua. Kwako lilikuwa jiko la zamani, nyumba ni ya reli, mke anataka nafasi. Haki yake. Ningekuwa mimi ningevunja. Lakini nilisoma mstari ule mara nyingi mpaka karatasi ikachanika pale pale, na Walter aliponiuliza kama yule mama ana watu, kinyongo kikajibu. Kilisema hana. Nilitaka na wewe upotelewe na kitu bila kujua. Basi. Ndivyo ilivyokuwa. Sina maneno mazuri ya kuifunika.

Walter alikufa anaamini niliyomwambia. Mara mbili nilitaka kumwambia pale hospitali, machungwa yako mkononi. Mara ya kwanza alikuwa amelala. Mara ya pili alikuwa macho.

Aliniachia sanduku. Madaftari yote, kitabu, na ile penseli. Na mwezi uliopita Lüdtke ameniandikia kwa Kiingereza, Baldev akanisomea. Wanaweka jiwe huko mahali wanapokutana kila mwaka, la watu wa Altmoor. Wataandika yale maneno, nyumba isiyo na moto ni kichaka, na chini yake jina la aliyeyasema. Wametafuta Mama Trude kwenye vitabu vyao vya kanisa hawakumpata. Sasa mimi niliye na madaftari ya marehemu niangalie, niwape jina lake kamili, lichongwe. Mchongaji anaanza baada ya Pasaka. Wananiita Bwana Mheshimiwa Singh.

Baldev alisema nisijisumbue. Kwa Kiingereza, bila shaka. Alisema niwape jina lolote la Kijerumani, wazee wafurahi, nani ataumia. Nikamuuliza kama anakumbuka asubuhi ile. Akasema hakumbuki kitu. Akaenda mpaka mlangoni, akavaa koti, akarudi. Akasema anakumbuka chai ilikuwa na maziwa mengi.

Basi yeye mwenyewe akakaa akaiandika barua ya Lüdtke, mimi nasema, yeye anaandika. Haina mapambo. Nimewaambia Walter hakuwepo siku ile na hakusema uongo kuhusu kijiji chake, aliomba moto kwa jirani kwa sababu wa kwao ulikuwa umezimika. Nimewaambia theluji ilikuwa mvua, kabichi ilikuwa mgomba, na aliyebeba ni mama wa Butere, Kenya, yupo hai, goti linamsumbua. Nimewaambia pia habari ya yule Mpolandi wa viazi, kwamba yupo kwenye daftari la pili, mimi ninalo, wakitaka kumrudisha nitawatumia. Walimtoa yule aliyekuwepo, Alfayo, wakambakiza mama yako. Wakamlilia. Hapo ndipo ninapochoka.

Wanaweza kuichana barua. Wanaweza kumtupa mama yako nje na jivu. Mimi naona watamtupa. Lakini watajua ni nani wamemtupa.

Barua bado haijatumwa. Iko hapa chini ya hii. Kwanza kwa sababu safari hii nataka kuomba, jinsi Walter alivyotaka tuombe. Mwulize mama. Kama hataki jina lake kwenye jiwe la watu asiowajua, aseme, nitawaambia hapana na wachonge wanachotaka. Kama amenikasirikia kwa kumwua angali hai, pia aseme. Na wewe sema lako. Usiponijibu nitaelewa, na wiki ya Pasaka nitawaandikia tu kwamba Mama Trude hakuwepo.

Sababu ya pili ni aibu. Baldev alifika mahali pa jina akaniuliza aandike nini. Nikasema Truphosa. Akasema hilo ni la ubatizo, Mjerumani anataka kamili, jina la kwao na la baba yake. Silijui. Miaka yote ile nilimwita mama Alfayo. Moto wake nimepikia miaka kumi na mbili, mpaka tunaondoka, nauwasha kwa kaa la jana, na sikuwahi kuuliza kwao anaitwa nani. Baldev aliacha nafasi, akapiga mstari mdogo chini yake.

Mwulize, unitumie.

Nisalimie gengi, waliobaki. Msalimie mama watoto, na usimwambie habari ya jiko, hana kosa. Watoto wako wote wapokee salamu, na umwambie yule mkubwa kwamba matusi yake yanafanya kazi Birmingham. Mvua ikizidi angalia tuta la upande wa Yala, usiwaamini wanaosema limejengwa upya. Mama mpe mikono yangu, yote miwili.

Ni mimi, Kalasinga wenu,
Gurnam